Kopo la Miguno

Jua lilikuwa linazama Wembe alipotoka kwenda dukani kununua nyembe.

Usicheke. Wembe lilikuwa jina lake la mtaani, na alilipata kazini. Alikuwa fundi wa kanda, zile kanda kubwa za zamani za kurekodia muziki, zinazozunguka kwenye mashine kama sahani mbili zinafukuzana. Mpigaji akikosea, Wembe analaza kanda kwenye kibao cha chuma, anakata kipande kibovu kwa wembe, anaunga kwa selotepu nyembamba, kwisha habari. Hata wewe uliyekosea utaapa hukukosea. Fundi kama yule hajazaliwa tena na hatazaliwa. Angeweza kukata kikohozi cha mbu, na mbu mwenyewe asijue kama alikohoa. Masikio yake yalikuwa yanamsikia sisimizi akipiga miayo nyumba ya tatu.

"Nyembe paketi moja," alimwambia muuza duka.

"Nyembe tena? Na hizo ndevu mbona ziko pale pale kama kichaka?"

"Sinyoi mimi. Nakata pumzi za watu."

"Basi njoo nyumbani unikatie ya mama mkwe. Anakoroma mpaka bati linaitikia."

Wakacheka. Lakini kicheko cha Wembe kiliishia kwenye meno. Alichukua nyembe zake akaondoka haraka, hakungoja hata chenji, maana kichwani mwake kulikuwa na sauti moja aliyoisikia mchana kwenye hedfoni. Ilikuwa imemganda kama kupe.

Sauti ya mwanaume.

Ngoja nikuweke sawa. Mke wa Wembe alikuwa mpiga piano. Si piano ya kuchezea baa, hapana. Alipiga ule muziki mzito wa kwenye makaratasi, ulioandikwa na watu waliokufa kabla babu wa babu yako hajaota jino. Mwanamke akikaa pale, kumbi zinajaa mpaka watu wanakaa madirishani. Niliwahi kumwona jaji mzima, mtu wa kufunga watu maisha, analia makamasi yanamfika kwenye tai. Vidole vya yule mama vilikuwa vinakwenda mpaka huvioni, unaona ukungu tu.

Na kanda zake zote alizirekodi mumewe. Nyumbani kwao palikuwa na sebule yenye ile piano kubwa nyeusi, halafu ukuta wenye kioo, halafu kichumba cha mashine. Yeye huku, mke kule, kioo katikati. Ndoa yao yote walitazamana kupitia kile kioo.

Sasa mwaka uliopita mwanamke akafariki. Kampuni moja ya nje ikataka kazi zake zote, za toka ujana mpaka siku ya mwisho, ziwekwe kwenye boksi moja ziuzwe dunia nzima. Wembe alikuwa ameshamwahidi mkewe pale kaburini, mkono juu ya udongo mbichi: dunia itakusikia. Bwana wa kampuni alikuwa anakuja kuzichukua kesho asubuhi na gari.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Yule mama akipiga piano, alikuwa anaimba puani. Miguno midogo midogo. Mmm… mm-mm… Mwenyewe kama hajui. Inaingia kwenye kanda. Na watu wa muziki ule hawapendi, wanataka piano tupu, safi kama maji ya chupa. Ndiyo Wembe akawa anakata. Mguno huu anaukata, anachomekea kipande kingine cha piano hiyo hiyo walichorekodi mara ya pili. Miaka na miaka. Fundi mwingine yeyote angetoa nakala kwanza, akate nakala, kanda mama aiweke kabatini. Wembe? Wembe alikuwa anakata kanda mama yenyewe. "Nakala ni za waoga," alikuwa anasema. "Mimi sikosei."

Vile vipande vya miguno hakuvitupa. Alivitia kwenye kopo la biskuti, kopo jekundu, akalifunga na kulificha juu ya kabati. Watu wakimuuliza anasema fundi mzuri hatupi kitu.

Uongo. Ilikuwa ni wivu.

Na ninaposema wivu, sizungumzii wivu wako wewe wa kuchungulia simu. Wembe alikuwa na wivu wa kufa mtu. Alimwonea wivu fundi anayekaza nyuzi za piano, akamfukuza. Alimwonea wivu mpiga zeze mmoja mzee, kipofu, hana jino hata moja. Na kilichomla zaidi ni ile miguno. Alikuwa na hakika haiendi bure. Mwanamke haimbi puani miaka yote hiyo kwa ajili ya ukuta. Anamwimbia mtu. Nani?

Tena kulikuwa na kibenchi. Kile kibenchi cha piano kilikuwa kirefu, cha kukaa wawili, kina mto wa ngozi juu. Mto ule ulikuwa na mabonyeo mawili. Moja la mkewe, sawa. La pili je? Upande wa kushoto, kubwa, la mtu mzito. Siku moja akamvaa mkewe:

"Hapa anakaa nani?"

Mkewe akamtazama, akatabasamu kichovu. "Wewe, siku ukija kukaa."

Wembe akaona anadhihakiwa. Hakukaa. Hakukaa hata siku moja.

Haya. Turudi jioni ile.

Alipofungua mlango wa nyumba, harufu ikampokea. Vumbi, nta ya sakafu, maua yaliyooza kwenye chombo. Harufu ya ukumbi uliofungwa miaka. Akanusa… akajiambia ni panya kafia mahali. Akapita sebuleni bila kutazama piano, akaingia kichumbani, akavaa hedfoni.

Kanda iliyokuwa kwenye mashine ni ile ya mwisho. Ile aliyorekodi siku mkewe anafariki. Na hiyo ndiyo kanda ambayo haikutakiwa kuwa na mguno hata mmoja, maana siku ile Wembe alimpa mkewe kitambaa cha mkono, cheupe, akamwambia aking'ate.

"Leo sitaki kusikia mguno. Nimechoka kukata."

Mkewe alikishika kile kitambaa muda mrefu. "Una hakika, baba?"

"Nina hakika."

"Haya. Kama ndivyo unavyotaka."

Akakitia kwenye meno. Akapiga piano siku ile kama hajawahi, na alipofika mwisho, mikono ikiwa bado imelala pale, akaweka paji la uso juu ya piano kama mtu anayesinzia. Daktari akasema moyo.

Wembe akabonyeza mashine. Kanda ikazunguka. Piano… piano… halafu pale katikati, polepole, chini kabisa…

Mmmmm.

Nzito. Ya kifuani. Mwanaume mtu mzima, karibu kabisa na mkewe, karibu kuliko kioo. Mwanaume aliyeridhika.

Na ndani mle siku ile walikuwa wawili tu, yeye na mkewe, kioo katikati.

Akachukua wembe mpya, akatafuta mahali pale, akakata. Akaunga. Akarudisha nyuma, akasikiliza.

Mmmmm.

Imesogea mbele kidogo.

Akakata tena. Ikasogea tena. Kidole kikakatika, damu ikadondokea kibao cha chuma, hakuona. Mtu yule anamkimbia! Anamchezea ndani ya kanda yake mwenyewe, mbele ya macho yake! Na unajua Wembe alichofikiria? Mtu mwingine angefikiria mizimu, angetoka mbio mpaka nchi ya jirani. Wembe alifikiria: kumbe ndiye huyu. Ndiye aliyekuwa anaimbiwa.

Akapanda kiti, akashusha kopo jekundu.

Alimwaga vipande vyote mezani. Vimejikunja kama maganda ya viazi. Akaanza kuunga, kimoja kwa kingine, mguno wa ujana na mguno wa uzee, alivyookota ndivyo alivyobandika. Nje giza likaingia. Alitaka asikie miguno yote kwa pamoja, apate angalau sehemu moja ambapo mkewe anataja jina. Jina tu! Aende akamvunje mtu shingo.

Akapachika kwenye mashine. Akabonyeza.

Mm… mm-mm-mmm… mm…

Vipande vile vilikatwa kwenye nyimbo mbalimbali, miaka mbalimbali, mkewe ana mafua, mkewe hana mafua, na yeye kaviunga kiholela. Lakini havikugongana. Vilishikana mkono kama watoto wa shule. Wimbo mmoja. Mfupi, mtamu, una mwanzo na una mwisho, ukiisha unaanza upya. Sauti ya mkewe peke yake, inaimba wimbo ule ule, maisha yake yote, kwa mtu mmoja.

Wembe aliona giza machoni. Wimbo wenyewe kama aliwahi kuusikia mahali… lakini hasira ilikuwa imemziba masikio kwa pamba.

"Shemeji, chai."

Aliruka karibu apasue dari. Mlangoni alisimama shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu, fundi cherehani aliyekuwa akikaa chumba cha uani. Futi ya kupimia imemning'inia shingoni, pini tatu mdomoni, kikombe mkononi. Alikuwa mtu wa utani siku zote. Jioni ile alisikia ile kanda, akaweka kikombe chini.

Akatema pini moja moja kwenye kiganja.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Nijibu wewe kwanza. Huu wimbo wa nani?"

"Shemeji… umeikata miguno yake? Kwenye kanda zote?"

"Zote! Nakuuliza, wimbo wa nani?"

"Hukubakisha hata mmoja?"

"Unamficha!" Wembe akasimama, kiti kikaanguka. "Unamjua! Miaka yote hii mnanila kisogo wewe na mdogo wako. Ni nani? Mpiga zeze?"

"Yule kipofu? Hebu kuwa na aibu, shemeji. Yule hata sufuria haioni."

"Nani, sasa?"

Shemeji alifumba kiganja chenye pini. Akatazama kioo, akatazama sebule iliyokuwa giza upande wa pili. Akanong'ona, "Alinikataza nisikwambie. Alisema ungeona aibu kupiga tena."

Kupiga nini, Wembe hakuuliza. Alichosikia yeye ni "alinikataza nisikwambie," na hapo akili zikamruka. Alichomoa ile kanda kwenye mashine, akaizungusha mkononi kama uzi wa nyavu, akatoka nayo uani mbio. Jiko la mkaa la shemeji lilikuwa bado linawaka.

"Shemeji usi…"

Akaitupa.

Kanda haiungui kama karatasi. Inajikunja, inalia tss… tss… kama inaumia, na harufu yake ni siki na nywele. Moshi mweusi ulipanda wima, hakuna upepo, ukasimama pale uani kama mtu anasikiliza. Halafu ukatoweka.

Shemeji alikaa chini, pale pale kwenye sementi.

"Mjinga wewe," alisema. Hakupiga kelele. Ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Mjinga usiye na mfano. Ule ni mluzi wako."

"Mluzi gani?"

"Ule unaopiga ukiwa unaunga kanda! Kila siku! Mluzi mmoja huo huo, toka umemwoa mdogo wangu, mpaka kasuku wa jirani anaujua. Na mimi kwenye cherehani naukanyagia pedali. Hujui kama unapiga mluzi?"

Masikio yanayomsikia sisimizi akipiga miayo, hayakuwahi kusikia mdomo wake mwenyewe.

Alikuwa anakata miguno ile huku anapiga mluzi ule.

"Sasa kwa nini…" alianza. "Kwa nini aimbe mluzi wangu?"

Hapo ndipo shemeji akamwambia. Alimwambia kwa sauti ya chini, macho kwenye mlango.

Walipokuwa wadogo mama yao alikuwa anafagia ukumbi mmoja wa zamani. Kulikuwa na piano mle, hakuna anayeipiga. Mdogo mtu akawa anaikalia. Hakuna mwalimu, hakuna karatasi, na baada ya muda mfupi mtoto anapiga vitu ambavyo watu wazima wanasomea mpaka wanapata mvi. Watu wakasema kipaji. Dada mtu alikuwa anashika kitambaa cha vumbi, anatazama. Aliona kile kibenchi. Mdogo wake amekaa kulia, na upande wa kushoto mto unabonyea… polepole… kama mtu mzito anakaa.

"Alimfundisha," shemeji alisema. "Sijui ni nani. Sijui ni nini. Mama alisema ni jini mahaba, akatukataza kwenda, lakini yule alikuwa ameshahama na mdogo wangu. Kila penye piano yupo. Mdogo wangu akawa binti mkubwa, wachumba wakija wanaugua, wanakimbia. Ana wivu yule. Ana wivu kuliko wewe."

"Mimi sikuugua."

"Wewe ulikuja kurekodi, ukakaa kwenye mashine zako ukaanza kupiga mluzi. Mdogo wangu akaniambia usiku ule, dada, leo kibenchi kimekuwa chepesi. Amesogea. Ule mluzi haupendi. Ndiyo akakupenda, shemeji. Na ukiwa nyuma ya kioo yule hasikii mluzi wako, kwa hiyo mdogo wangu akawa anajiimbia mwenyewe. Akipiga piano bila kuuimba, yule anarudi kukaa. Akiuimba, anakaa mbali."

Wembe alikumbuka kitambaa cheupe.

Una hakika, baba?

Akashika ukuta.

Ndipo piano ikalia.

Mara moja tu. Ndani, sebuleni, gizani. Sauti nzito kabisa, ya mwisho upande wa kushoto.

DUUUM…

Shemeji akanyanyua pua. "Hiyo harufu," alinong'ona. "Nta… maua… Ni ule ukumbi."

Waliingia wameshikana mikono kama watoto. Wembe akawasha taa. Sebule tupu. Kifuniko cha piano kiko wazi, yeye alikuwa amekifunga kwa ufunguo siku ya mazishi. Na kibenchi… upande wa kulia, bonyeo la mkewe limeanza kujaa, ngozi inainuka. Upande wa kushoto umezama mpaka mbao inalia.

"Piga mluzi," shemeji alisema.

Wembe alikusanya midomo. Upepo mtupu.

"Piga, shemeji!"

"Unaendaje?"

"Unaniuliza mimi? Ni wako!"

"Nikumbushe mwanzo tu. Mwanzo tu nitaushika."

Shemeji akafungua mdomo. Akakaa hivyo, mdomo wazi. Mwanamke aliyekanyagia pedali kwa wimbo ule miaka yote, na aliyeusikia sasa hivi kabla chai haijapoa. Machozi yakaanza kumtoka. "Umekwenda," alisema. "Ulikuwepo hapa… umekwenda."

Ulikwenda na moshi.

Wembe alikimbilia kichumbani, akapachika kanda ya kwanza kabisa, ya mkewe akiwa binti, ile safi kuliko zote. Akaiachia spika. Piano ikatiririka, tamu, na pale alipokata mguno wa kwanza, pale ambapo hata malaika asingejua palikatwa, ikaingia:

Mmmmm.

Akapachika ya pili. Mmmmm. Ya tatu. Kila alipokata, yule alikuwa ameingia na kukaa. Na chini ya mikono miwili ya mkewe sasa ilisikika mikono mingine, upande wa kushoto, mizito, inamfuata kama mume anayetembea nyuma ya mkewe sokoni.

"Usimpe kesho yule bwana hizi kanda," shemeji alisema. "Zichome."

"Nizichome, na mke wangu atakuwa wapi? Humu ndimo alimobaki. Hana pengine."

"Zifungie ndani basi."

"Nizifungie niwaache wawili?" Macho ya Wembe yalikuwa mekundu kama pilipili. "Nimwachie mke wangu na huyu? Nilimwahidi dunia itamsikia, na itamsikia na mimi, si na yeye. Nitaukumbuka. Ni mdomo wangu! Nitaukumbuka, nirekodi mluzi wangu juu ya kila kanda, kila mahali nilipokata. Atatoka. Leo leo atatoka."

"Shemeji, tutoke wote. Tukalale kwa jirani."

"Nenda wewe. Mimi ndiye mume hapa."

Alisema vile kwa kelele, uso ameugeuzia kibenchi. Halafu akamsukuma shemeji taratibu mpaka nje, akafunga mlango kwa ndani.

Shemeji alikaa kwenye cherehani yake bila kushona, anasikiliza. Alimsikia akijaribu. Fyuu… fyu-fyu… hapana. Fyuuu… hapana. Nyimbo zote za duniani alijaribu, za kitoto, za harusi, za jeshini, na kila mara hapana, hapana, hapana. Mpaka usingizi ukamwiba mama wa watu, kichwa juu ya nguo ya mteja.

Alizinduliwa na honi. Asubuhi imekucha, bwana wa kampuni yuko getini, tai shingoni, anatabasamu. Shemeji alimfungulia, wakatembea pamoja kuelekea mlango mkubwa, na hapo akausikia.

Mluzi.

Ule ule! Mfupi, mtamu, una mwanzo na una mwisho, ukiisha unaanza upya. Unatoka ndani, umetulia, kama mtu yuko kazini kwake anaunga kanda. Shemeji alicheka kwa sauti, akampiga yule bwana wa watu begani kama wamesoma wote.

"Ameukumbuka! Shemeji yangu kiboko! Ameukumbuka!"

"Ni mtu mchangamfu, nasikia," bwana wa kampuni akasema.

Mlango haukuwa umefungwa. Harufu ilikuwa imekwisha. Kichumbani, kanda zote zilipangwa mezani kwa unadhifu, kila moja kwenye boksi lake, zimefungwa tayari kwa safari. Na Wembe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwao, anatazama kioo.

Mluzi unaendelea.

"Shemeji," aliita. "Umetuweza, baba. Geuka basi tukupongeze."

Hakugeuka. Akamzungukia.

Wembe alikuwa na kile kitambaa cheupe cha mkewe kwenye meno. Amekibana mpaka fizi zinavuja damu. Macho yako wazi, yanaona, yanamfuata. Yanatoka machozi. Midomo haipulizi kitu.

Na mluzi unaendelea… hautoki kwake, hautoki kwenye mashine, mashine imezimwa. Unatoka upande wa pili wa kioo, pale kwenye kibenchi, upande wa kushoto.

Ukafika mwisho. Ukaanza upya.

Bwana wa kampuni, aliyebaki mlangoni mwa kichumba, yeye hakuona cha ajabu. Aliona mgongo wa mfiwa mwenye majonzi, akampa pole, akachukua mzigo wake akapakia. Shemeji alikimbilia gari, akagonga kioo, lakini angesema nini? Ukimwambia mtu wa tai maneno kama yale anakupeleka hospitali. Gari likaondoka.

Boksi likatoka. Likauzwa kama maji jangwani, huko na huko. Wembe hakufa. Yupo hadi leo, analishwa na shemeji yake kwa kijiko, neno halisemi. Kitambaa ilibidi madaktari wawili wakitoe kwa koleo. Kila jua likizama anageuza kichwa kutazama sebule, na uso wake unakuwa wa mtu aliye nje ya dirisha, anayesikia mkewe akicheka na mgeni.

Na watu wanaosikiliza kanda zile wanazisifia sana. Wanapiga simu redioni. Wanasema piano ni ya ajabu, lakini kinachowaliza hasa ni kile kitu kidogo cha nyuma, kwa mbali, kama chumba cha pili. Mwanaume anapiga mluzi. Mluzi mmoja huo huo, kwenye kanda zote, toka ya ujana mpaka ya mwisho. Wengine wanasema wimbo wenyewe umewaganda, wanajikuta wanaupiga jikoni, wanaupiga bafuni, hawajui hata walianza lini.

Kampuni ikampigia shemeji. Walikuwa wanachapa maboksi mengine, wanataka kuandika kila aliyeshiriki.

"Huyu anayepiga mluzi ni nani?"

Shemeji alikuwa na pini mdomoni. Akazitema moja moja kwenye kiganja. Pale sebuleni, mbao ya kibenchi ililia kidogo, kama mtu amegeuka asikie atajibiwa nini.

"Mumewe," alisema.

Wakaandika hivyo hivyo. Hawakumuuliza yupi.